Anemoni wa mchangani amenuna: dalili, chanzo na cha kufanya ukiwa Dodoma

Juzijuzi usiku saa nne kasoro jamaa yangu wa Ilazo kanipigia anahema, "kaka njoo uone, mnyama wako amekufa". Mnyama mwenyewe ni anemoni, yule kiumbe laini wa baharini anayefanana na ua, anafugwa kwenye tenki la maji chumvi. Wangu, maana mimi ndo nilimshawishi amnunue. Nikamwambia usimguse, nitumie picha. Picha ikaja: anemoni kasinyaa kawa kama embe lililokaushwa juani, mdomo umebana, mguu (kile kitako anachojishikizia) bado umeshika chini mchangani. Nikamuuliza kitu kimoja tu, mara ya mwisho umeongeza maji lini? Kimya. Afu, "si ile Jumapili". Na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Basi, uchunguzi ukaishia hapo hapo kwenye simu, sikuhitaji hata kuvaa viatu.

Naandika hivi kwa sababu karibu kila anayefuga maji chumvi huku kwetu anafuata maelekezo ya watu walioko kwenye unyevunyevu, iwe Dar au Ulaya, na huku tupo mita 1,100 na ushee juu ya bahari, hewa kavu, na kuanzia Juni mpaka Novemba upepo unapuliza mpaka unasikia mchanga kwenye meno. Tenki linakauka kama nguo kwenye kamba. Kwahiyo mimi utaratibu wangu ni huu, anemoni akinuna nashuku kwanza maji yaliyopotea hewani, pili nashuku mguu na mchanga alioukalia, afu ndo mengine, taa, chakula, ugonjwa. Wengi wanaanza kinyume, wanakimbilia kununua taa mpya ya laki kadhaa wakati tatizo lilitaka ndoo moja ya maji.

Tuelewane pia tunaongelea nani. Anemoni wa mchangani ni wale wanaozika mwili chini na kuacha minyiri tu juu. Yupo Heteractis aurora, huyu mimi namuita wa shanga maana minyiri yake ina vinundu vya pete pete kama shanga zilizotungwa, na huyu anapatikana hata bahari yetu ya Afrika Mashariki. Yupo Heteractis crispa, yupo Macrodactyla doreensis wa minyiri mirefu ambaye kwao ni Pasifiki ya magharibi, na yupo Stichodactyla haddoni, yule bapa kama zulia. Yule wa minyiri yenye ncha za puto, Entacmaea quadricolor, ni wa kwenye mawe, haya ya mchanga hayamhusu sana. Nimeona mtu kamzika kwenye mchanga kwa nguvu, siku ya pili kakuta yupo nyuma ya pampu.

Amesinyaa, kawa mdogo, hafumki

Pima chumvi kabla hujafanya lolote. Bahari ipo kwenye gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji, kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji, utasoma 1.024 mpaka 1.026. Sasa chukua tenki la lita 200, kiangazi hiki na feni inapuliza juu ya maji unapoteza lita 4 kwa siku bila kushtuka, siku 5 ni lita 20. Maji yameondoka lakini chumvi haijaenda popote, yote imebaki kwenye lita 180, kwahiyo ile 35 sasa imekuwa karibu 39. Samaki ataendelea kuogelea kama hamna kitu. Anemoni hana magamba wala figo za kumsaidia, mwili wake ni maji ya humo humo tenkini, anakunja minyiri na kujifunga.

Ukikuta imepanda usimwage ndoo nzima kwa mkupuo eti ukomboe hali. Shusha taratibu, gramu moja au mbili kwa siku basi, unaongeza kidogo kidogo maji matamu, asubuhi, mchana, jioni. Na maji matamu maana yake maji ya RO, yaani yaliyosukumwa kwenye chujio laini sana linalobakiza chumvi na uchafu, sio ya bomba. Maji yetu mengi hapa yanatoka ardhini na maji ya ardhini yanakuja na mizigo yake, chumvichumvi, naitreti wakati mwingine, na silika ambayo ndo inalisha ule utando wa kahawia unaofunika mchanga. Kila unapofidia maji yaliyokauka kwa maji ya bomba unaongeza mzigo juu ya mzigo, maana yanayopaa ni maji tu. Kile kidude cha kupima uchafu ulioyeyuka, cha bei ya kawaida tu, kwangu bombani kinasoma mia sita na kitu, baada ya RO na ile resini ya mwisho kinasoma 0. Ndo unataka 0. Yale maji ya kutupwa ya RO, ambayo ni mengi kuliko mazuri, mama watoto anadekia na kuoshea choo, tumeshaacha kugombana kuhusu bili.

Haidromita ya mshale ya plastiki inadanganya sana, kiputo kimoja cha hewa kikiganda kwenye mshale unasoma chumvi kubwa kuliko iliyopo. Ukiweza tafuta rifraktomita, kile kidarubini cha kupimia chumvi kwa mwanga, na uisahihishe kwa maji maalum ya gramu 35, usitegemee kuisahihisha kwa maji matupu peke yake. Matone mawili, funika kioo, subiri nusu dakika, ndo uangalie.

Suluhisho la kudumu ni boya. Boya kama la tenki la choo, linafungua maji yakishuka na kufunga yakifika. Fundi bomba yeyote atakufungia, ila mwambie kabisa hutaki la shaba nyeupe wala la njano, wala koki yoyote ya madini hayo, unataka plastiki tupu. Shaba ikiyeyuka kwenye maji, hata kidogo sana, inaua anemoni, kamba, konokono, wote wasio na uti wa mgongo. Afu dumu la kulishia boya liwe dogo, lita 10 zinatosha, kwa sababu siku boya litakapokwama wazi (na litakwama tu) lita 10 hazitaua mtu lakini simtanki ya lita 500 itakugeuzia bahari kuwa mto.

Na hiyo feni niliyoitaja usiiache. Kwenye hewa kavu kama yetu feni ndogo ya kompyuta ikipuliza juu ya maji inashusha joto nyuzi 2 mpaka 3, wenzetu wa Dar wenye jasho hewani hawapati hiyo faida. Oktoba na Novemba maji yakikaa nyuzi 29, 30 siku nyingi mfululizo anemoni anaanza kupauka. Unataka 24 mpaka 27. Ila Juni na Julai mambo yanageuka, usiku hapa unashuka hadi 13 nje, na nyumba zetu za bati hazishiki joto, hapo usipokuwa na hita ya uhakika unakuta asubuhi maji yapo 20 na mnyama kajikunyata. Feni zima, hita washa, ni mji mmoja lakini misimu miwili ya vita.

Ngoja, kabla hujapaniki. Kusinyaa sio kila mara ni shida. Anemoni ana tundu moja tu, mdomo ndo huo huo njia ya kutokea. Kila baada ya siku kadhaa anajikamua, anatoa ute wa kahawia wenye nyuzinyuzi, anaonekana mbaya saa kadhaa, hata nusu siku, afu anajaza maji na kufumka freshi kuliko jana. Usiku taa zikizimwa pia wengine wanajikunja. Kwahiyo ukiona kasinyaa mara moja na kesho yuko sawa, hamna kesi. Kesi ni anayesinyaa, anafumka, anasinyaa, anafumka, ndani ya siku moja, siku tatu mfululizo, hasa akiwa mgeni. Huyo nitamrudia.

Amezama mchangani haonekani kabisa

Kwa mgeni, wiki ya kwanza, mwache. Fikiria safari aliyopiga: katoka baharini, kakaa dukani Dar, kafungwa kwenye mfuko, kapanda basi kilomita 450 kwenye buti lenye joto. Siku hizi kuna treni ya umeme tangu 2024, mimi nampokea stesheni baada ya masaa manne hivi, na tofauti nimeiona kwa macho. Awekwe kwenye boksi la kuhifadhi baridi bila barafu kumgusa, na muuzaji asimlishe siku moja kabla, maana akitapika humo mfukoni anasafiri ndani ya uchafu wake.

Akifika usimtumbukize. Dondoshea maji ya tenki lako kwenye ndoo yake tone tone kwa mpira mwembamba wa dripu uliofungwa fundo, saa moja na nusu hivi, mpaka chumvi zilingane. Taa siku za mwanzo ziwe za chini. Na swali ambalo huwa watu wananikasirikia nikiuliza, tenki lina muda gani? Kama lina miezi miwili, ndugu yangu, mrudishe au mwombe mwenzio akutunzie. Miezi 6 ndo mwanzo wa mazungumzo, mwaka ni bora zaidi. Zile taka zilizoyeyuka, amonia 0, naitraiti 0, naitreti chini ya 10 ikiwezekana, na alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, 8 mpaka 11 kwa kipimo cha dKH, na isiwe inapanda na kushuka kama bei ya nyanya Majengo.

Aliyekaa muda mrefu akizama ghafla, huyo anakimbia kitu. Joto, chumvi, au kuna mtu anamdonoa. Kaa kwenye kiti mita mbili kutoka kwenye tenki dakika 20 bila kutikisika uone. Samaki kipepeo wengi ni walaji wa anemoni, na kamba wengine wanakuja usiku kuchuna chakula kwenye mdomo wake mpaka wanamjeruhi. Hata klauni, samaki anayeishi naye, anaweza kuwa ndo mchokozi: jike kubwa akimvamia anemoni mdogo mgeni anamsugua kutwa nzima mpaka hafumki. Mtenge klauni kwa wiki mbili kwa chandarua cha plastiki. Na hata hivyo anemoni hahitaji klauni ili aishi, klauni ndo anamhitaji anemoni huko baharini.

Ameng'oka, analala ubavu, anatembea

Hapa ndo penye utamu, na hapa ndo wengi wanapompoteza mnyama.

Anemoni wa mchangani anataka vitu viwili kwa wakati mmoja: mchanga wa kuzika mwili, na kitu kigumu chini ya huo mchanga cha kushika kwa mguu. Mchanga wa sentimita 4 wa urembo haumtoshi, atashika kioo cha chini lakini shina lote litabaki nje linapigwa na mkondo, atachoka, ataachia. Wa shanga na yule wa minyiri mirefu wape sentimita 10 mpaka 15. Kina tupu bila kitu kigumu nako hakufai, atatafuta pa kushika mpaka akate tamaa.

Kama hutaki kujaza tenki zima mchanga wa kina, fanya nilivyofanya mimi. Nilichukua bakuli la plastiki la kuwekea chakula, lile la mstatili, kina cha sentimita 14, nikaweka jiwe bapa la matumbawe chini, nikajaza mchanga, nikalizika pembeni ya tenki na kuzungushia mawe lisionekane. Nikachimba kishimo kwa kidole, nikamuweka anemoni mguu ukiwa chini unagusa jiwe, nikazima pampu za mkondo kwa lisaa limoja. Ile hatua ya kuzima pampu msiiruke. Mguu wake ukigusa jiwe unauona unatanuka polepole, unakuwa bapa kama chapati inavyojitandaza kwenye kikaango, kingo zinabana, na ukivuta maji kwa mkono hayumbi tena. Saa hiyo ndo unapumua. Washa pampu moja, ya pili kesho.

Mchanga wenyewe uwe wa matumbawe, punje milimita 1 mpaka 2. Naomba sana, usichote korongoni. Najua mchanga wa korongo upo bure na ni mzuri kwa kujengea, lakini ule ni wa mawe ya graniti yaliyosagika, punje zina makali, zinamkata mguu, na ukipitisha sumaku juu yake utaona vipunje vyeusi vinarukia. Hivyo vina chuma, sio vitu vya kuweka kwenye maji chumvi. Mimi nimejaribu hii sumaku na mwanangu, alifurahi kuliko kwenye vitabu vyake vya sayansi.

Sasa, mguu. Anemoni akifika kwako kabla ya kumlipia muuzaji omba uonyeshwe mguu. Wengi wanang'olewa baharini kwa nguvu na mguu unachanika, na jeraha la hapo ndo mlango wa bakteria. Mguu mzima ni laini, una rangi moja, hauna uzi unaoning'inia. Ukiona mchaniko, hata kama minyiri inapendeza vipi, muache. Na muulize pia katoka wapi, maana visiwa kama Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari, hupaswi kuwa na mnyama wa kuokota huko.

Akitembea, balaa kubwa ni pampu. Funga sponji au wavu kwenye kila tundu linalovuta maji kabla hajaingia tenkini, sio baada. Nilishakuta mmoja kanyonywa nusu, minyiri imesagwa imesambaa tenki zima kama kachumbari, na vipande vile vinaendelea kuchoma. Nilibadilisha maji nusu ya tenki usiku ule, nikaweka mkaa maalum wa kuchuja, kwa bahati samaki walipona. Huyo anemoni hakupona.

Kama kalala ubavu lakini mdomo umebana na minyiri inaganda kidoleni ukiigusa, msaidie mara moja, mfungie kwenye bakuli lenye mchanga na kulifunika na chungio la plastiki siku mbili tatu asisukumwe. Asiposhika baada ya hapo shida haipo kwenye mchanga, soma chini.

Mdomo uko wazi

Mdomo wa mzima umekazwa kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Ukiachia kidogo wakati anajikamua sio neno. Ukikaa wazi unaona ndani kabisa, au utumbo umetokeza nje kama puto jeupe na unakaa hivyo kutwa, hapo tuna mgonjwa. Ukijumlisha na ile ya kusinyaa na kufumka kila saa, na minyiri isiyoganda, mara nyingi ni maambukizi ya bakteria.

Jaribio la kuganda: vaa glovu, gusa mnyiri mmoja kwa ncha ya kidole. Mzima anashika kama selotepu, unasikia kabisa anavyoachia. Mgonjwa anateleza. Glovu ni lazima hasa kwa yule wa zulia, nimeshamuona mtu mkono umevimba malengelenge siku tatu.

Wafugaji wa nje wana njia yao ya siprofloksasini. Wanamuhamishia anemoni kwenye tenki la hospitali lenye pampu na hita tu, wanaweka miligramu 250 kwa lita 38 hivi, wanabadilisha maji yote kila siku kwa maji mapya yenye chumvi na joto lile lile, wanarudia dozi kwa wiki moja, na dawa inaingia jioni taa zikiwa zimezimwa maana mwanga unaiharibu. Kamwe isiwekwe kwenye tenki kuu, itaua bakteria wanaokusafishia amonia. Na ni antibayotiki, ya cheti, sio panadol. Nilimfuata daktari wa mifugo nikamueleza, akanisikiliza kwa heshima zote afu akauliza, "ana miguu mingapi?" Nikamwambia mmoja. Akacheka mpaka akavua miwani, lakini alinisaidia. Hesabu pia gharama ya chumvi, wiki ya kubadilisha lita 38 kila siku inakula karibu kilo 10 za chumvi ya akwariamu. Na usije ukafikiria chumvi ya Uvinza itafidia, hiyo ni ya kupikia, maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na mengine ambayo chumvi ya jikoni haina.

Rangi imebadilika

Ndani ya nyama yake wanaishi vimwani vidogo sana, hao ndo wanampa ile rangi ya kahawia na wanamtengenezea chakula kwa mwanga. Joto likizidi, au taa kali ikimpiga ghafla, au kinyume chake akikaa gizani muda mrefu, anawatema. Anabaki mweupe, anang'aa, na dukani mweupe mwenye ncha za zambarau anaonekana wa thamani kuliko wote. Kumbe ana njaa. Na wa njano kama embe dodo au waridi kali, shuku rangi ya kupakwa, nilishauziwa mmoja na muuzaji ambaye simtaji, baada ya wiki tatu rangi ikayeyuka nikabaki na kitu cheupe kama nazi iliyokunwa.

Aliyepauka anarudi, ila ni miezi, sio wiki. Mwanga wa wastani unaoongezwa kidogo kidogo, joto lisilocheza, na umlishe mara nyingi kidogo kuliko mzima kwa sababu vimwani havimlishi tena. Dalili ya kwanza ya kupona ni ukahawia hafifu kwenye shina la minyiri karibu na mdomo. Anayenyoosha minyiri mirefu membamba kuelekea juu na kujitandaza kupita kawaida anaomba mwanga, hiyo ndo siku ya kufikiria taa. LED za matumbawe, masaa 8 mpaka 10 kwa siku. Usimuweke dirishani eti jua la Dodoma la bure, utapika supu.

Anatema chakula

Kipande ni kikubwa. Basi. Kipande kiwe kama punje ya harage, kamba wa baharini asiye na chumvi wala limao, au samaki wa baharini, mara moja au mbili kwa wiki. Kikubwa anakimeza, anashindwa, kesho anakitoa kimeoza na amonia inapanda. Dagaa wa kukaushwa wenye chumvi hapana. Mgeni usimlishe siku tano za mwanzo, na mwenye mdomo wazi usimlishe kabisa.

Jana alikuwa mzima, leo wote wamebadilika

Uliza nani kapuliza dawa ya mbu. Serious kabisa. Dawa nyingi za kopo ni za jamii ya pairethroidi, na hewa ya chumbani ndo hiyo hiyo pampu yako inaisukuma ndani ya maji. Kwangu dada wa kazi alipuliza sebuleni saa kumi na mbili jioni kwa nia njema tu, saa mbili kamba wote wapo chali wanatikisa miguu, asubuhi anemoni kazama. Ukiona kamba ndo wa kwanza kufa, shuku dawa. Zima pampu ya hewa, fungua madirisha, badilisha maji asilimia 30, weka mkaa mpya. Sasa hivi sebuleni tunatumia chandarua tu na nyavu za madirisha.

La pili ni umeme. Huku juu hewa ni nyepesi, maji yanashika oksijeni pungufu kama asilimia 12 ukilinganisha na usawa wa bahari, kwahiyo pampu zikizima muda wetu wa kujitetea ni mfupi kuliko wa mtu wa Dar mwenye tenki kama lako. Pampu ya hewa ya betri, zile za kubebea samaki hai, iwepo na betri zake ziwe zimejaribiwa mwezi huu. Huna? Kikombe. Chota, inua juu, mwaga, mara ishirini, kila robo saa, nimeshafanya hivyo usiku mzima na redio imewashwa. Ukiwa na inveta usiipe taa, ipe pampu moja ya mkondo, na Julai ipe hita.

Amekufa au bado?

Harufu itakwambia, haina mfano, hata mwenye mafua ataisikia. Ila kabla ya harufu, mguse kwa kijiti cha plastiki: aliye hai hata akiwa hoi anajikunja kidogo, aliyekufa anameguka kama ugali uliolala. Usisubiri kesho. Mwili mkubwa kama ule ukioza usiku mmoja amonia inamaliza tenki zima. Mfunike na mfuko wa plastiki chini kwa chini kama unavyookota kitu usichotaka kimwagike, mtoe pamoja na mchanga alioukalia, badilisha maji theluthi, skima (ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu) iende kwa nguvu, pima amonia asubuhi na jioni siku tatu. Mchanga ukiwa mweusi na unanuka yai viza pale chini, utoe huo huo wa eneo lake tu kwa mpira wa kunyonya, usiuvuruge wote, ile gesi ikitoka kwa pamoja utaongeza msiba mwingine.

Yule wa Ilazo tulimshusha kutoka 39 mpaka 35 kwa siku tatu. Leo asubuhi kanitumia picha nyingine, shanga zote zimetoka, klauni kalala katikati. Chini yake kaandika anauliza boya la plastiki linauzwa duka gani.